Dada Aliyezamia Ikola kwa Ajili ya Mama

Nilikuwa Inyonga kikazi nilipopigiwa simu kwamba yule dada mpiga picha wa Mpanda, aliyekuwa akizamia Ziwa Tanganyika na kamera yake, amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Wengi wenu mlimjua kwa picha za pasipoti na za harusi. Alikuwa binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia kwetu na ng'ombe wao, na hadi utu uzima hakujua hata kuogelea. Kupiga mbizi alifundishwa Ikola na wageni waliomchukua awasaidie kubeba vifaa, na tangu hapo hakutulia studio. Ukutani alitundika picha za samaki wa ziwani, na moja ya kasa aliyempiga picha alipokwenda kuzamia pwani. Wateja wakimwita kasa huyo kobe, aliwasahihisha kwa upole.

Mimi namkumbuka kwa jambo moja. Mdogo wangu alizama karibu na Ikola mtumbwi ulipopinduka, na mwili wake haukuonekana. Mama yetu, anayeishi Kabungu, hakukanyaga tena ufukweni wala kuonja samaki. Miaka ikapita hivyo. Siku nilipompeleka studio apigwe picha ya kitambulisho, macho yake yakaganda kwenye wale samaki ukutani. Akauliza kama kweli huko chini mtu anaona. Dada yule akataka kujua kwa nini anauliza, na mama akamweleza yote, hata yale ambayo mimi mwanawe sikuwahi kuyasikia.

Wiki kadhaa baadaye dada yule alifika Kabungu kwa pikipiki, nami nikiwapo. Alikuwa amewauliza wavuvi mahali penyewe, akazamia hapo mara tatu, maana mara mbili za mwanzo maji yalikuwa yamechafuka. Hakudai kwamba amemwona marehemu. Alimwonyesha mama mchanga mweupe, miamba, na kuhe wawili, samaki tunayemjua sote sahanini, dume na jike wakilinda watoto wao wadogo kama chenga za mchele. Mama alizishika picha zile kwa muda mrefu.

"Miaka yote hii nilijua yuko gizani," alisema.

"Hapana, mama. Pale jua linafika."

Mama alilia, kisha akainuka kwenda kumsongea mgeni ugali. Jumapili iliyofuata aliniomba nimpeleke Ikola.

Siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha, na sisi waandishi wa habari ndio wa kwanza kukimbilia msiba: tunapiga, tunarusha mtandaoni, tunaondoka kabla kaburi halijafukiwa. Dada yule alimsikiliza kwanza mwenye uchungu, ndipo akaenda kutafuta picha. Nilimshukuru siku ile, ila kwa haraka, pikipiki ikiwa imeshawashwa. Leo namshukuru ipasavyo. Amenifundisha kwamba ukijaliwa kufika mahali ambapo mwenzako hawezi kufika, nenda ukamwangalizie kile anachokiogopa, kisha urudi umwambie ulichokiona, bila kuongeza neno.