Kobe au Umeme

Mama Pasi hakuwahi kushika gongo la kriketi maishani mwake, lakini mchezo ule ulimwingia kwa njia ya karai. Duka lake la dobi liko nyuma ya uwanja wa klabu, na yeye ndiye anayefua suruali nyeupe za wachezaji. Mwanzoni alizichukia, kwa yale madoa ya majani yaliyong'ang'ania magotini. Baadaye akaanza kuuliza doa hili ni la nani na limepatikanaje, akauliza na kuuliza, mpaka siku moja akajikuta anagombana na redio.

Tangu hapo mteja aliyefuata shati lake alibanwa kwanza kwenye kaunta. Timu ya taifa apangwe nani, aachwe nani? Wengine walibishana naye wakaondoka bila shati.

Ndiyo maana siku ambayo wakwe watarajiwa walikuja kujitambulisha, binti yake, ambaye ni nesi, alimfuata jikoni akafunga mlango.

"Mama, nakupigia magoti. Leo kriketi hapana."

"Kwani mimi mtoto? Nitaongea habari za mvua."

"Unaahidi?"

"Naahidi. Hebu nipishe, maji yanachemka."

Wageni walikuwa watatu: kijana mwenyewe, shangazi yake, na baba yake, fundi rangi wa majumba, pande la mtu lililovaa suti ya kubana mabegani, na rangi ya samawati imegandia kwenye kucha. Mama Pasi aliona kola yake ilivyopigwa pasi ovyo, akanyamaza. Kunyamaza huko peke yake kulimtoa jasho.

Mazungumzo yakawa makavu kama mkate wa juzi. Waliongea habari za mvua, zikaisha. Shangazi akasifu mapazia, nayo yakaisha. Mume wa Mama Pasi, msambaza barua asiyependa maneno mengi, alizidi kumimina chai kwenye vikombe vilivyokuwa vimejaa tayari. Fundi rangi alikuwa akiitazama saa yake kwa kuibia. Mwishowe akakohoa.

"Samahani wenyeji wangu, mna redio? Kuna taarifa ya habari ningependa kuisikia. Kidogo tu."

Kijana wake alifumba macho. Nesi naye akafumba yake.

Habari zilipita, zikaja za michezo. Mtangazaji akasoma kikosi cha taifa cha mechi ya siku moja dhidi ya majirani. Ndani yake walikuwamo Kobe, mrushaji mkongwe ambaye mipira yake huenda polepole na kugeuka ikigusa ardhi, na Umeme, kijana arushaye kwa kasi ya kutisha. Watakaocheza watachaguliwa asubuhi ya mechi, akasema, na kwa hao wawili nafasi ni moja tu.

"Atacheza Umeme," fundi rangi alijisemea, taratibu kama mtu anayeomba dua.

Mama Pasi alipiga funda kubwa la chai. Akalimeza. Halikusaidia kitu.

"Umeme?" akasema. "Umeme yupi, huyu ambaye mipira yake inamtafuta mwamuzi?"

"Mama!" nesi akanong'ona.

"Ana kasi, bibie," fundi rangi akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie uso wake ukachangamka. "Huyo Kobe wenu akiangusha leso anamwita mkewe aje amwokotee. Mpira ukimpita nani ataukimbiza?"

"Nani kakwambia utampita? Ova za katikati, mipira sita baada ya sita, wapigaji wameshazoea uwanja, nani anawakaba wasipate alama? Ngoja nikuonyeshe."

Akasogeza vikombe. Birika likawa mpigaji, vijiko vikawa wiketi, vile vijiti vya nyuma yake, visahani vikatawanywa huku na huku kuwa walinzi wa uwanja. Fundi rangi akavua koti, akapiga magoti kando ya meza, akahamisha walinzi wawili.

"Jamani, mlinzi huyo ni kikombe changu!" shangazi akalia.

Hakuna aliyemsikia. Sauti zilipanda. Fundi rangi aligonga meza, birika likayumba, chai ikamwagika hadi kwenye suruali ya kijana wake. Ndipo mume wa Mama Pasi akaweka chupa ya chai chini.

"Nilidhani tumekutana kwa ajili ya watoto," akasema.

Fundi rangi alijiinua polepole, akavuta koti lake.

"Aibu gani hii," akasema. "Nilimwahidi mwanangu njiani kwamba sitalitaja neno kriketi."

Mama Pasi alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza.

"Na mimi nimeahidi jikoni! Vua hiyo suruali, baba, nikufulie kabla doa halijakauka," akamwambia kijana, naye akakimbilia nyuma ya mlango kwa haya, akapewa kikoi cha baba mkwe. Baada ya hapo mambo ya ndoa yalikwenda haraka ajabu. Ubishi uliobaki ulikuwa wa tarehe, kwa sababu wazazi wawili hawakukubali iangukie siku ya mechi yoyote.

Asubuhi ya mechi wateuzi walimchagua Umeme. Mama Pasi alikwenda kutazama kwa mzazi mwenzake, na mpira wa kwanza wa Umeme ulipokwenda pembeni kabisa, alishangilia kama aliyefunga mwenyewe. Lakini Umeme akatulia, akaangusha wiketi moja, nyingine, nyingine tena, na nyumba nzima ikaruka.

"Haya, umeshinda," Mama Pasi akasema akipiga makofi kwa shingo upande.

"Ila zile ova za katikati zilivuja alama," fundi rangi akakiri. "Pale Kobe angeziba."

Hilo lilimtosha. Wiki nzima wateja wa dobi hawakusikia habari za wiketi za Umeme. Walisikia kwamba baba mkwe wa binti yake, mtu anayejua mpira, amekubali kwamba Kobe alihitajika.

Kwenye picha ya harusi watu wote wanatazama kamera, isipokuwa wawili mstari wa mbele. Baba wa bwana harusi ameinua mkono, vidole vimeushika mpira usiokuwepo, na mama wa bibi harusi anatikisa kichwa, anakataa.