Zege la Pikipiki

Mtaani kwetu Makanyagio, pikipiki hailali nje. Jioni mwenyewe anaisukuma mpaka sebuleni, anaiegesha karibu na makochi, ndipo anafunga mlango. Wenye nyumba wanalijua hilo, kwa hiyo ukikuta mlangoni kuna mteremko wa zege badala ya ngazi, ujue aliyepanga humo ni bodaboda. Mimi natembelea kiti cha magurudumu, na kwa miaka mingi nilizionea wivu pikipiki za watu.

Nilikuwa nakaa kwa kaka yangu, na kwake kutoka nje ni mpaka nibebwe. Kaka akienda shambani Magamba, nashinda ndani kama gunia la mahindi linalosubiri bei. Nilichotaka ni mlango ambao naweza kutoka mwenyewe bila kumwomba mtu.

Nikasikia kuna chumba mtaa wa pili. Choo kiko uani, kimelingana na ardhi, mlango wake mpana. Kasoro ilikuwa ngazi za kuingilia chumbani. Nikaenda, nikamwamkia mwenye nyumba, nikamwomba aniwekee mteremko. Akanitazama kwa huruma ile inayoniudhi kuliko tusi.

"Pole sana, mama. Nikiweka mteremko, maji ya mvua yatanijaa ndani. Jaribu kwingine."

Nikamshukuru kwa adabu, nikaondoka na hasira zangu. Siku chache baadaye nikampigia simu kwa ile namba aliyoiandika ukutani. Nikalainisha sauti, nikasema mimi ni mfanyabiashara, nina pikipiki mpya na lazima ilale ndani.

"Hiyo hata usiwaze, dada," akasema. "Wewe na pikipiki yako njooni Jumamosi, mtakuta zege limeshakauka."

Maji ya mvua hakuyataja kabisa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kweli, na imesakafiwa vizuri. Jumamosi nilikuta mlango uko wazi. Nikaupanda mteremko mwenyewe, polepole, nikafika katikati ya chumba, nikageuka, nikatoka, nikaingia tena. Nilifurahi mpaka nikaanza kuimba. Mwenye nyumba akanikuta naingia na kutoka kama kuku aliyeona mtama.

"Mpangaji ndiyo wewe? Pikipiki iko wapi?"

"Ndiyo hii, mzee. Haili mafuta."

Nilitegemea atafoka. Badala yake akacheka mpaka akashika ukuta, akanipa funguo. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Sasa mama, si ungekuja tu ukanieleza shida yako? Ningekujengea."

"Nilikuja. Juzi juzi tu, tumeongea hapo hapo uliposimama."

Kicheko kikamwisha. Akanitazama usoni kwa muda, amekunja paji, anatafuta. Halafu akashusha macho kwenye magurudumu.

"Kiti nakikumbuka," akasema.