Apolinaria na Santuri ya Miaka Kumi ya Uhuru

Mwaka 1971 Tabora ilikuwa na piano nne zilizokuwa bado zinatoa sauti, na zote nne zilikuwa hai kwa mikono ya mwanamke mmoja, Apolinaria Ngollo wa Itetemia, nje kidogo ya mji. Zamani zilikuwa nyingi zaidi. Wakubwa wa reli na mahakimu wa Kiingereza walizileta kwa treni, wake zao wakazipiga Jumapili mbili tatu, kisha wakazitandika vitambaa na kuziwekea maua juu. Uhuru ulipofika waliondoka, wakaziacha, nazo zikaanza kufa moja moja. Moja iliingiwa na mchwa, moja ilinyeshewa stoo, moja ikageuzwa kabati la vikombe. Apolinaria alizifuata zile maiti na bisibisi yake, akang'oa nyuzi na vinyundo vilivyokuwa bado vizima, akavihifadhi kwenye makopo ya samli.

Kazi hiyo alifundishwa na bruda mmoja Mdachi alipokuwa bado msichana katika nyumba ya malezi ya masista. Utawani alidumu miaka minne. Alitoka, si kwa sababu ya mwanamume kama watu wa Mtendeni, kule mjini, walivyopenda kusema, bali kwa sababu siku moja baada ya sala ya masifu aliwaambia wenzake, mbele ya mama mkuu, kwamba wanaimba kama mbuzi wenye kikohozi. Aliambiwa aombe radhi. Akasema ataomba radhi siku watakapoimba vizuri. Kesho yake alikuwa nyumbani kwa baba yake, Itetemia, na jembe mkononi.

Basi mwanamke wa namna hiyo, mwenye miaka hamsini na mmoja, hakuolewa, analima karanga na mihogo, anafundisha kwaya ambayo nusu yake inamwogopa, ndiye aliyeletewa barua mwezi wa Machi na kamati ya kuandaa sherehe za miaka kumi ya Uhuru. Barua ilisema kwamba Ndugu Nikolaus Jilala, mzaliwa wa Nzega, aliyerudi kutoka masomoni Ulaya, ametunga vipande tisa vya piano juu ya njia ya zamani ya misafara. Vipande hivyo vitarekodiwa papa hapa Tabora, vipelekwe Nairobi vikachapwe kwenye santuri kubwa, na santuri izinduliwe Desemba. Apolinaria aje aiandae piano ya ukumbi uliokuwa klabu ya Wazungu.

Alikwenda. Alimkuta Jilala amesimama ukumbini, kijana wa miaka thelathini hivi, suti ya Kichina imepigwa pasi mpaka inakata, akitazama dari kama mtu anayengojea kupigwa picha.

"Habari za kazi, Ndugu Apolinaria," akasema, akinyoosha mkono.

Apolinaria aliutazama ule mkono. Alisubiri shikamoo, akaona haiji. Huyu alikuwa rika la watoto wa mdogo wake. Akasema, "Marahaba," kana kwamba ameamkiwa, akapita moja kwa moja mpaka kwenye piano na kuifungua kifuniko.

Ndani mlikuwa na kiota cha panya kilichotengenezwa kwa karatasi za nyimbo. Nyuzi kumi na moja zilikuwa zimekatika. Zilizobaki zilikuwa zimelegea, na ulipobonyeza ilisikika sauti ya sufuria zinazoanguka.

"Usiiguse," Jilala akasema nyuma yake. "Nimeijaribu jana. Nataka iachwe hivyo hivyo."

"Hivi?"

"Ndiyo. Hiyo ni sauti ya historia, Ndugu. Ni ukoloni uliooza. Msikilizaji anapaswa kuusikia ule uozo."

"Hii ni sauti ya panya," Apolinaria akasema. "Historia haijawahi kuzaa ndani ya piano."

Jilala alicheka kwa huruma, kama wanavyocheka waliosoma wanapokutana na wasiosoma. Akamweleza, polepole, kwa maneno mepesi, kwamba huko Ulaya watu wameshaachana na mambo ya sauti safi. Apolinaria alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama huko Ulaya alipokuwa anafanya mitihani walimpa piano yenye panya. Aliyewaamua alikuwa fundi wa kurekodi, aliyekuja na mitambo yake kwa treni kutoka Dar es Salaam. Alisema yeye hawezi kurudi na utepe wa makelele, wakubwa wake watadhani mashine imeharibika.

Kwa hiyo piano ikatengenezwa. Ilimchukua Apolinaria siku tano. Muda huo wote Jilala alikuwa anazungushwa kwa Landrova ya kamati, akitafuta, kwa maneno yake mwenyewe, roho ya wapagazi. Siku ya pili aliamua kutembea kwa miguu kwenye ile njia ya misafara ili ausikie mwendo wake mwilini. Alitembea nusu saa, viatu vikamchubua, Landrova ikamfuata kumchukua. Jioni alikuja ukumbini akichechemea, akamuuliza Apolinaria, ambaye babu yake alibeba pembe za ndovu mpaka pwani mara tatu na kurudi, wapagazi walikuwa wanatembea vipi.

"Kwa miguu," Apolinaria akamjibu, akaendelea kukaza waya.

Kurekodi kulichukua siku mbili. Apolinaria hakuruhusiwa kuingia. Kamati ilisema ukumbi umehifadhiwa kwa wahusika.

Desemba ikafika, na santuri zikafika nazo kwenye masanduku ya mbao. Uzinduzi ulikuwa saa kumi alasiri, siku moja baada ya gwaride. Apolinaria alivaa gauni lake la kanisani, akaketi kiti cha nyuma kabisa karibu na Rasiklal, Mhindi mwenye duka la baiskeli na santuri pale Mtendeni. Rasiklal ndiye aliyeiazima kamati gramafoni ya umeme na vipaza sauti viwili. Aliomba aiendeshe mwenyewe, akaambiwa kwa heshima kubwa kwamba kazi hiyo ataifanya katibu wa kamati, Ndugu Abbasi, maana mgeni rasmi atapenda kumwona mwananchi akiiendesha. Rasiklal alizaliwa Tabora, na baba yake alizaliwa Tabora.

Waliwagawia watu wa mbele jalada la santuri walitazame. Lilipofika nyuma Apolinaria alivaa miwani. Mbele palikuwa na picha ya Jilala kwenye nyasi kavu, mkono kidevuni, macho yakielekea Kigoma. Nyuma palikuwa na shukrani. Walishukuriwa wajumbe wa kamati wote kumi na wawili kwa majina, fundi wa kurekodi, dereva wa Landrova, na mwisho kabisa, "fundi wa mahali hapo." Akalirudisha.

Mgeni rasmi, mkubwa mmoja kutoka Dar es Salaam, mnene, mwenye fimbo nyeusi, alizungumza dakika arobaini juu ya utamaduni bila kutaja piano hata mara moja. Kisha akamwashiria Abbasi. Abbasi akaiweka santuri, akashusha sindano, akarudi nyuma hatua mbili na kusimama wima kama yuko mbele ya bendera.

Kilichotoka kwenye vipaza sauti kilikuwa kitu cha kuchezea watoto. Sauti zilikuwa nyembamba, za juu, zinakimbizana kama kuku waliofunguliwa. Apolinaria alijua katika sekunde tatu. Ile piano aliilaza kitandani na kuiamsha yeye mwenyewe, waya kwa waya. Alijua sauti yake ya chini kabisa inavyounguruma, na hapa hapakuwa na ngurumo yoyote.

Rasiklal alimwinamia sikioni. "Mama, wameiweka kwenye mwendo wa arobaini na tano. Asubuhi Abbasi alikuwa anaijaribu kwa santuri ndogo za dansi. Hii ni ya thelathini na tatu."

"Nenda kawaambie."

"Mimi?" Rasiklal alimtazama kama amemwambia aruke dirishani. "Nyumba yangu serikali imeichukua mwezi wa nne. Leo nikamwambie mkubwa kwamba hajui kusikiliza?"

Apolinaria akatazama mbele. Mgeni rasmi alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, akigonga fimbo sakafuni. Wajumbe wa kamati walipoona anatikisa nao wakatikisa. Bwana mmoja wa safu ya pili, aliyekuwa amelala wakati wa hotuba, alifumba macho tena, safari hii kwa ustadi, ili aonekane ameguswa. Mwalimu wa shule fulani alimnong'oneza mkewe kwamba hapo ndipo wapagazi wanapokaribia mjini. Na Jilala, mtunzi mwenyewe, aliketi kulia kwa mgeni rasmi, amekunja mikono mapajani, uso umetulia kabisa.

Kipande cha kwanza kilipokwisha walipiga makofi. Cha pili kikaanza kukimbia. Apolinaria akasimama. Alipita katikati ya viti na lile gauni la kanisani, akafika kwenye gramafoni, akasukuma kipini cha mwendo kwa kidole kimoja.

Muziki ukashuka kwa kishindo. Ukawa mzito na wa polepole, na ile sauti ya chini ikaunguruma mpaka vioo vikaitika. Watu wote waligeuka. Mgeni rasmi aliacha kugonga fimbo.

"Mbona imelala?" akauliza. "Imeharibika?"

"Haijaharibika, mheshimiwa," Apolinaria akasema. "Hivi ndivyo ilivyo. Mlikuwa mnaisikiliza kwa mwendo usio wake."

Watu wakangoja kujua wamuunge mkono nani. Mgeni rasmi akamgeukia Jilala. "Ndugu Jilala, ipi ndiyo yako?"

Jilala akasimama, akafunga kifungo cha koti. Hakumtazama Apolinaria. "Mheshimiwa," akasema, "muziki wa kisasa unaruhusu zote mbili."

"Basi turudishieni ile ya kwanza. Ile ina uhai. Hii ni ya msibani."

Abbasi akakirudisha kipini haraka, na kuku wakafunguliwa tena. Watu walipiga makofi kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu sasa walikuwa na kitu cha kuficha. Apolinaria hakurudi kwenye kiti chake. Alitoka kwa mlango wa mbele, ule wa wageni, akaenda nyumbani kwa miguu, na njia nzima hadi Itetemia alikuwa anasema peke yake, kwa Kinyamwezi, maneno ambayo masista hawakumfundisha.

Wiki mbili hakuingia mjini. Alipoingia, Rasiklal alimwita dukani. Kamati ilikuwa imemwachia santuri hamsini azitafutie wanunuzi, na aliyenunua mpaka siku hiyo alikuwa padri mmoja wa seminari ya Kipalapala. "Kaa, Mama," Rasiklal akasema, akaondoa mipira ya baiskeli kwenye kiti. "Tuisikilize kama watu."

Aliiweka kwenye thelathini na tatu. Apolinaria alisikiliza huku amekunja uso. Kipande cha kwanza kilikuwa majigambo matupu, mtu anayeonyesha vidole vyake. Cha pili na cha tatu vilikuwa vya kuazima, alivijua vilikoazimwa. Cha nne kilimchosha. Cha tano alimwambia Rasiklal akiruke, Rasiklal akakataa. Kisha kikaja cha sita. Kilikuwa kifupi, na hakikuwa na majigambo: mkono wa kushoto unatembea sawasawa, umechoka lakini hausimami, na wa kulia unaingia mara chache kama mtu anayemwita mwenzake aliyebaki nyuma, asipate jibu, aite tena. Apolinaria aliweka mfuko wake chini. Kilipokwisha alisema, "Kirudishe." Alikisikiliza mara tatu. Mara ya tatu alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kanga, akafoka kwamba duka lina vumbi.

Alitoka pale na hasira mpya, kubwa kuliko ile ya ukumbini. Mwanzo alidhani Jilala ni mjinga, na wajinga aliwazoea. Aliishi nao, aliwafundisha kwaya.

Februari mwaka uliofuata Jilala alifika Itetemia mwenyewe. Safari hii hakuwa na Landrova. Alimkuta Apolinaria uani, mbele ya ungo wa karanga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

Jilala akakaa kwenye kigoda. Alizunguka sana kabla ya kusema shida yake. Amepewa nafasi Dar es Salaam. Kuna santuri ya pili. Fundi wa kule ni hovyo, piano ni nzuri lakini haina roho. Angeomba Mama aje miezi miwili, malazi yapo, na jina lake litaandikwa nyuma ya jalada, kwa herufi kubwa.

Apolinaria aliendelea kuchambua. "Siku ile ukumbini," akasema, "ulisikia?"

Jilala aliinamisha kichwa. "Nilisikia tangu mguso wa kwanza."

"Na ukakaa."

"Mgeni rasmi alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa, Mama. Kamati yote ilikuwa pale. Masomo yangu, kazi yangu, kila kitu kinapitia kwa watu wale. Ningefanyaje?"

"Kipande cha sita ni kizuri," Apolinaria akasema.

Uso wa Jilala ukafunguka ghafla, kama wa mtoto, akataka kuzungumza. Apolinaria akanyanyua mkono.

"Sijamaliza. Abbasi hana masikio, namsamehe. Yule mnene na fimbo yake hana masikio, namsamehe. Wewe unayo. Ulikitoa kile kitu mwenyewe, ukakaa ukatazama wakikigeuza ngoma ya nyani, halafu ukasimama ukasema zote mbili zinaruhusiwa. Ungekuwa umetunga takataka tupu ningekuja Dar es Salaam, ningekaza nyuzi, ningekula wali wa watu na kurudi. Kwako wewe siji."

Kuku wa jirani alikuja akadonoa karanga iliyoanguka karibu na kiatu cha Jilala, naye hakumfukuza. Mwisho akauliza, kwa sauti ndogo, kama angeweza walau kumwandikia barua, amtumie kazi zake azitazame.

"Tuma," Apolinaria akasema. "Kusoma najua. Lakini usinitumie vya kusifiwa."

Akasimama, akakung'uta kanga yake. Alimsindikiza mpaka barabarani, kwa sababu mgeni husindikizwa hata kama humtaki, akamwonyesha pa kungojea lori la Mtendeni, kisha akarudi uani kumalizia karanga zake kabla mvua haijashuka.