Tulivyokwenda Kilosa Kulizika Jimbo la Uskochi

Watu wa Mikumi mnanijua. Shule niliionea mlangoni tu, lakini siku zile za Mwingereza na mkonge, nani mwingine kati yenu alikuwa na lori? Nilianza na asali ya kubeba begani, nikafika kupeleka unga wa posho kwenye shamba kubwa la mkonge kule Kilosa. Sasa tenda ilikuwa ukingoni, na wa kuifufua au kuiua ni Bwana Meneja peke yake. Ndipo dereva mmoja akanishushia habari: meneja ana msiba, jimbo lake la uchaguzi la kwao Uskochi limekufa, hali wala hatoki barazani. Jimbo kufa sikuelewa. Msiba nilielewa. Nikasema, nikimwahi na rambirambi, tenda ni yangu.

Asubuhi tulipakia unga na beberu mmoja. Nilimchukua Maganga, fundi wa lori langu, kwa sababu yeye ni Mnyamwezi na mimi ni Msagara: watani. Msibani mtani ndiye wa kumkejeli marehemu na kuwachekesha wafiwa, na haruhusiwi mtu kumkasirikia wala kumnyima anachodai.

"Lakini huyo Mskochi ana utani na nani?" Maganga akauliza.

"Miaka yote anakaa Usagara, anagawa unga wangu. Huyo ni Msagara."

"Basi ni mtumwa wangu kama wewe. Endesha, mtumwa!"

Tulipofika Ulaya, kile kijiji chetu cha njiani, si kule kwa Wazungu, injini ikachemka. Maganga akafungua boneti, akawaambia wanakijiji waje wauone utajiri wa Msagara unavyotoa moshi. Wakaja wote. Mimi nikawaeleza kwamba lori kubwa lazima litoe moshi mwingi.

Kilosa tuliingia jua limeelemea magharibi. Bwana Meneja tulimkuta barazani na gazeti kuukuu mapajani.

"Pole kwa msiba, Bwana," nikasema, kofia mkononi. "Marehemu alikuwa mtu mzima?"

"Mzee sana," akajibu. "Kumshinda babu yangu."

Kabla sijaongeza neno, Maganga alikwisha kulala chali katikati ya baraza, gazeti la Bwana kajifunika usoni. "Mimi ndiye jimbo!" akapiga kelele. "Nimekufa kwa aibu! Miaka yote nachagua mtu yule yule!"

Niliiona tenda yangu inapanda treni kwenda Dar es Salaam. Bwana akawa mwekundu kama tofali, halafu mabega yakaanza kumtikisika.

"Kweli kabisa!" akacheka. "Nani kamwambia?"

Akaagiza chai, akatusimulia. Hapo zamani wapiga kura wa jimbo lile walikuwa wachache hata wakatosha meza moja. Wanakula, wakishiba wanamchagua mwenye meza. Baadaye kura zikaongezeka, baba yake akagombea. Mara ya kwanza akashindwa na bwana mwenye mashamba. Mara ya pili akashindwa na mtoto wa bwana huyo. Wanawake walipopewa kura, baba akafurahi sana. Mkewe akampigia kura mwenye mashamba. Mara ya mwisho mpinzani alikuwa hoi kitandani, na bado akashinda. Sasa wakubwa wa London wamechora mipaka upya, nusu ya jimbo wamewapa watu wa mjini, nusu wamewapa majirani.

"Mzee wangu," Bwana akasema, machozi yakimlengalenga, "sasa hana hata mahali pa kushindwa."

"Na mimi sitoki kaburini," Maganga akasema chini ya gazeti, "mpaka nipewe haki ya mtani."

"Unataka nini?"

Nilitabasamu. Nilijua atanitetea.

"Tenda ya posho," akasema.

"Ya nani?" nikaruka.

"Yangu, mtumwa."

Tulibishana mpaka Bwana akapiga meza. "Kwetu jambo kama hili hupigiwa kura!"

Wakata mkonge walikuwa wanarudi kutoka shambani. Wakaambiwa wajipange nyuma ya wanayemtaka. Niliwahutubia vizuri mno: lori, asali, jinsi nilivyoanza bila chochote. Nilipogeuka, nyuma yangu alisimama karani wa shamba, na beberu wangu mwenyewe wa rambirambi. Wengine wote, Wanyamwezi watupu, walikuwa kwa Maganga wanapiga vigelegele.

Bwana akanishika bega. "Baba alipata nyingi kuliko wewe. Si nyingi sana."

Safari ya kurudi Mikumi Maganga alikaa mbele akiimba, mimi nikiendesha na kujifunza: Mzungu akifiwa na jimbo, nenda, ila mtani mwache nyumbani. Nikajifariji kwamba mshindi ana tenda lakini hana lori.

Kesho yake alfajiri akabisha hodi. "Msagara, nimekuja kukodi lori."

Nikamtajia nauli, ile ya kumkomoa.

Akalala chali mlangoni kwangu.