Msumari wa Kalenda

Mama mchunguzi wa hospitali akija wodi ya wazazi kuchunguza kilichoharibika, manesi wapya hujificha chooni. Sisi tunaomjua humvutia kiti. Haulizi "nani?" Huuliza "wapi?" huku akimenya karanga. Juzi mkunga alimlilia: mzazi alivuja damu, nusura tumpoteze, na aliyechelewesha dawa ni yeye mkunga. Mama mchunguzi akavua viatu, akatoka mbio kutoka kitandani kwa mgonjwa hadi ghorofa ya pili, unakokaa ufunguo wa friji ya dawa, akarudi nao anahema huku anacheka. "Dakika sita, mwanangu. Umechelewa wewe, au ufunguo?" Akang'oa msumari wa kalenda yetu, akaugongomelea kando ya friji kwa kisigino cha kiatu, akautundika ufunguo. Sasa tarehe tunaulizana, lakini dawa tunaifikia kwa hatua nne.