Upande Mmoja wa Tete

Nilikwangua tete la jirani yangu. Nimelikana jambo hilo kwa zaidi ya miaka thelathini: mbele ya mwalimu, mbele ya nyanya, na mara moja mbele ya mchungaji ambaye hata hakuwa ameniuliza.

Huenda hujui tete la obo ni kitu gani, na hulazimiki kujua. Obo ni zumari ya Kizungu, nyeusi, yenye vibonyezo vya rangi ya fedha kila mahali, na ukiipuliza bila tete hupati kitu ila pumzi yako mwenyewe. Tete ndilo mdomo wake: vipande viwili vya mwanzi, vyembamba kama ganda la kitunguu, vilivyofungwa pamoja kwa uzi. Mwalimu wetu wa muziki pale Riruta alikuwa akisema obo haina sauti. Mwenye sauti ni tete, obo ni nyumba tu.

Mwezi uliopita nilikwenda Kibera kusikiliza watoto wakifanya mazoezi katika ukumbi wa kanisa. Anayewafundisha ni huyo huyo jirani yangu. Ana mvi siku hizi, miwani imening'inia kifuani, na mezani pake kuna nyembe, uzi, na kikombe ambamo matete yamelowekwa kama maharagwe. Mtoto mmoja akatoa tete majini, akalipuliza peke yake, nalo likawika. Papo hapo nikawa nimerudi mtaa wetu wa Kongo, kule Kawangware, mwenye umri wa miaka kumi na miwili na magoti yenye vumbi.

Tuliishi kwenye ploti ya baba yake. Mimi na nyanya tulikuwa wapangaji, watu wa kutoka ziwani. Wao walikuwa wenye ploti, wenye geti, wenye mti wa parachichi. Nyanya aliuza omena, vile visamaki vidogo vikavu vya ziwani, mbele ya mlango wetu, na harufu yake ilikaa kwenye sweta yangu ya shule, kwenye vitabu, kwenye nywele. Asubuhi mabati yalilia yakipata jua, redio tatu zikagombana, na fundi wa viatu akagonga misumari huku akieleza nchi inavyopaswa kuendeshwa. Kazi zangu zilikuwa kuteka maji na kukata vitunguu kwa kisu cha nyanya, ambacho mpini wake ulifungwa kwa mpira wa tairi.

Shule ilikuwa imepewa obo moja na wageni waliokuja, wakapiga picha, wakaenda. Matete hawakuacha. Mwalimu akashuka mtoni, akakata mianzi, akaianika juu ya mabati, akaipasua, akaikunja, akaifunga kwa uzi wa fundi wa viatu. Kisha akakwangua ncha kwa wembe, akapuliza, akakwangua tena, kama mtu anayeonja chumvi. Kila mdomo ulikuwa na tete lake. Langu lilikuwa laini kwa sababu pumzi zangu zilikuwa chache. Lilitoa sauti upesi, lakini sauti ya bata aliyepata habari mbaya. La jirani lilikuwa gumu. Ilimbidi asukume hadi mishipa ya shingo isimame, ila lilipokubali, darasa zima liliacha kutafuna.

Tulikaa na obo kwa zamu, wiki kwake, wiki kwetu, na matete yetu mawili kwenye kisanduku kimoja cha sabuni. Siku moja mwalimu akatangaza kwamba Jumatatu atachagua mmoja wetu apige kanisani siku ya Pasaka. Nilimtazama jirani yangu, mwenye geti na parachichi, nikaona kwamba Mungu hakuigawa dunia sawasawa na huenda alihitaji msaidizi.

Jumamosi mchana, kabla ya kumkabidhi obo, nilichukua kisu cha nyanya nikalikwangua tete lake ili life. Nilikuwa bado naendelea nyanya aliponiita nje nianue omena, mvua inakuja. Nikalirudisha tete kisandukuni, nikatoka.

Jumatatu nilianza mimi, na bata wangu. Akafuata yeye. Nilikuwa nimejiandaa kumhurumia. Badala yake ikatoka sauti ambayo sijaisikia tena popote, kama ya nyanya alipokuwa akiimba peke yake akidhani nimeenda mtoni. Mwalimu akalichukua tete, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akauliza nani amelikwangua. Mimi nikajibu haraka kuliko wote: si mimi. Jirani akainamisha kichwa, na mwalimu akaamua kwamba ni yeye, na kwamba ana mkono wa kazi hiyo. Kuanzia siku hiyo akamfundisha kutengeneza matete.

Sasa nikuambie aibu iliyo kubwa zaidi. Miaka yote hiyo nilikana kwa mdomo huku nikijivunia moyoni. Nilikwenda chuo kikuu, nikaandika insha kuhusu unyenyekevu, na kila nilipomsikia akipiga nilijiambia kwamba nusu ya sauti ile ni yangu.

Siku ile Kibera aliniomba niandike kurasa mbili za kuwasomea watoto, kuhusu namna mwalimu alivyogundua mkono wake. Alisema mimi ndiye shahidi. Wiki mbili nilikaa na karatasi tupu. Nikiandika alivyotaka, nitawadanganya watoto. Nikiandika ukweli, nitamnyang'anya mwanzo wake, na pengine nitampoteza rafiki. Mwishowe nilimtumia ujumbe mrefu nikakiri yote. Aliusoma. Hakujibu.

Siku ya pili ya kimya hicho nilikwenda Kawangware. Parachichi halipo, pamesimama nyumba ya ghorofa tano. Mtoni hakuna mwanzi hata mmoja. Nyanya amelala kwao, karibu na ziwa, na hakuna anayenukia omena pale isipokuwa kumbukumbu yangu. Nilikuwa nimesimama hapo simu ilipolia. Alikuwa jirani yangu.

"Sasa, msomi."

"Poa," nikasema, na haikuwa kweli.

"Hiyo barua yako ni ndefu kuliko mahubiri. Kwani ulidhani sikujua? Niliweka hilo tete mdomoni Jumamosi hiyo hiyo. Lilikuwa na ladha ya kitunguu na omena. Kwenye hiyo ploti, nani mwingine alikuwa na omena?"

Nikanusa vidole vyangu.

"Halafu ulikwangua upande mmoja tu, kama mtu anamenya kiazi akaitwa nje. Lilikataa kutoa hata pumzi. Nikalia, nikachukua wembe wa baba, nikaanza kukwangua ule upande mwingine. Napuliza, nakwangua, mpaka pande zikalingana. Jumapili nzima. Nikakosa kanisa, nikachapwa."

Kumbe hata dhambi yangu niliiacha nusu, akaimalizia mwingine. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningekusema aje, na ni wewe tu nilikuwa naye wa kupiga naye hiyo obo? Andika hivyo hivyo ilivyokuwa, na omena ndani. Halafu Jumamosi ukuje. Kuna matete kumi na mbili hapa hayajakwanguliwa, na watoto wanangoja."

Nikasema nitakuja.

"Na msomi?"

"Naam."

"Osha mikono."