Amri ya Nne Kutoka Juu

Jumatatu, tarehe 5 Machi 2001, nilikuwa nikichapa orodha ya yatima wa Buganguzi katika ofisi yetu ndogo mjini Bukoba. Kila mstari ulikuwa na jina la mtoto, kijiji chake, na mlezi ambaye ukoo ulimchagua baada ya matanga. Kwa orodha hiyo watoto wangegawiwa shule za bweni, na ndugu wenye mlezi mmoja wangewekwa pamoja. Siku ya kuandikisha, msichana wa miaka kumi na miwili alinishika mkono, akanisihi kwa neno letu la heshima la Kihaya.

“Waitu, mama, mimi na wadogo zangu wawili utuandike karibu karibu.”

Nilimwahidi.

Kompyuta nilifundishwa kwa kuhesabu. Maneno ya Kiingereza ya menyu sikuyasoma; nilijua tu kwamba amri ya kupanua safu, ili majina yetu marefu yatoshee, ni ya nne kutoka juu. Lakini programu ile mpya ilikuwa na tabia ya kuzificha amri zisizotumika, na zilizobaki zikapanda.

“Dada, leo imeficha nini?” aliuliza mwenzangu wa meza ya pili.

“Kila nisichokigusa tangu juzi.”

“Basi ni kama mume wangu. Usipomwita, haonekani.”

Tukacheka. Nikahesabu, nikabofya ya nne. Kisanduku kikauliza jambo. Nikakubali, kama nilivyozoea. Safu ya majina, ambayo nilikuwa nimeichagua, ikajipanga kwa alfabeti. Vijiji na walezi havikusogea. Mimi niliona unadhifu tu. Nikahifadhi, nikachapisha, nikazima. Bahasha yenye orodha ikaondoka na gari la mchana kwenda kwa wagawaji wa shule.

Alhamisi, nikipitia nakala, nilimkuta msichana yule chini ya mzee wa kijiji ambacho hajawahi kukikanyaga. Nikageuza ukurasa, na mwingine, na mwingine. Hapakuwa na mtoto aliyebaki na mlezi wake. Kwingineko ningewakusanya ndugu kwa jina la baba. Kwetu Wahaya kila mtoto hupewa jina lake, na ndugu watatu huwa na majina matatu yasiyofanana. Fomu za mkono za siku ya kuandikisha walikuwa nazo wajumbe wa vijiji, na wawili kati yao tuliwazika Januari. Nilibonyeza vile vishale vidogo vya chini ya kila menyu hadi yote yaliyofichwa yakatokea. Hapakuwa na amri ya kunirudisha Jumatatu. Nilipowapigia simu wagawaji, niliambiwa watoto wamekwisha kugawiwa.

Wiki tano baadaye nilimwandikia msichana yule shuleni kwake:

“Mwanangu, mmetenganishwa kwa kosa langu, si la bibi yako anayewalea wala la ukoo. Nimeomba mara tatu mrudishwe pamoja. Nimejibiwa kwamba nafasi hakuna hadi mwakani. Mdogo wako wa kiume nimemwona, anakula. Wa kike aliniuliza kama umekufa. Nilimwambia hapana, lakini haamini tena maneno ya watu wazima. Nakusihi umwandikie kwa mkono wako, hata mstari mmoja. Nitampelekea mwenyewe.”